Unga mweupe, udongo mwekundu na boila ya alizeti

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi ni opareta wa boila kwenye kiwanda cha kukamua alizeti hapa Dodoma. Boila yetu ni ya greti (kitanda cha vyuma chenye mianya kinachobeba moto), tani nne za mvuke kwa saa, na inakula maganda ya alizeti. Mwezi uliopita walikuja wapimaji wa moshi, wakaandika gesi chafuzi ya nitriki oksidi ppm 180 (sehemu 180 katika milioni moja za moshi) na oksijeni asilimia 13, wakasema iko juu. Sasa amekuja mtu anauza unga mweupe wa madini. Anasema ukiuchanganya na maganda, gesi hiyo inapungua kwa nusu. Fundi wetu naye anasema tusipoteze hela, chokaa ya kawaida au hata udongo mwekundu wa hapa hapa unafanya kazi ileile. Je, ni kweli madini yanaweza kuondoa gesi hii ndani ya moto? Tununue?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Unga huo usiununue kwanza. Sisemi muuzaji ni tapeli. Ni kweli kwamba uso wa madini yenye joto unaweza kuivunja nitriki oksidi ikarudi kuwa nitrojeni, ile inayojaa kwenye hewa tunayovuta. Ila uso huohuo unaweza pia kuitengeneza nitriki oksidi, na kinachoamua ufanye lipi ni hewa iliyopo pale. Hewa unaishika wewe kwenye dampa, kile kilango cha kuongeza na kupunguza hewa, yeye anauza mfuko.

Gesi hii kwenye boila ina vyanzo viwili vikubwa. Cha kwanza ni hewa yenyewe: moto ukiwa mkali mno, nitrojeni ya hewani, ambayo kwa kawaida haishikani na kitu, inakatika na kuungana na oksijeni. Njia hiyo aliieleza mwanafizikia wa Kisovieti Yakov Zeldovich katika miaka ya 1940, na inataka joto la nyuzi 1,300 kwenda juu ndipo ianze kuhesabika. Greti inayochoma maganda kwa hewa nyingi kama yako haifiki huko, kwa hiyo Zeldovich tumpumzishe. Chanzo cha pili ndicho chako: nitrojeni iliyomo ndani ya maganda.

Nitrojeni hiyo ni ya protini. Watu wa vyakula vya mifugo hupima nitrojeni kisha huzidisha kwa 6.25 kupata protini. Wewe fanya kinyume, gawanya. Mashudu yenye protini asilimia 25 yana nitrojeni asilimia 4. Maganda matupu yana kama asilimia moja au pungufu, na kuni za kawaida hazifiki hata nusu asilimia. Sasa nenda kwenye lundo lako, chota konzi moja ya maganda uyasugue kati ya viganja. Viganja vikibaki vinang'aa mafuta, na ukiona vipande vyeupe vya kiini vimenasa kwenye maganda, ujue mashine ya kumenya inapitisha kiini. Kiini hicho ni mafuta ambayo tajiri wako hakuyauza, na ni nitrojeni inayokwenda moja kwa moja kwenye dohani.

Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda kimoja mkoani Singida ambako gesi ilikuwa inapanda usiku na kushuka mchana. Tulihangaika na feni siku mbili nzima. Siku ya tatu nikakaa na zamu ya usiku, nikaona kijana anafagia sakafu ya chumba cha kukamulia, anazoa mashudu yaliyomwagika, anayatupa kwenye mdomo wa tanuru ili asiyabebe mpaka nje. Mchana bosi alikuwepo, kwa hiyo yalibebwa. Hakuna kichocheo duniani (kitu kinachoharakisha badiliko la gesi bila chenyewe kuisha) ambacho kingemshinda kijana yule na koleo lake.

Tupige hesabu kidogo, maana hesabu hii ndiyo iliyonifanya mimi niache kuhusudu unga wa kutupia motoni. Chukua kilo moja ya maganda yako, tuseme nitrojeni ni asilimia 0.8, yaani gramu 8. Nitrojeni hiyo ikigeuka yote kuwa oksidi, kwa namna wapimaji wanavyohesabu (wanaichukulia kama nitrojeni dioksidi), inakuwa gramu 26. Kilo hiyo hutoa moshi mkavu wa mita za ujazo kama 9, ukiurekebisha kwenye oksijeni ya asilimia 11, yaani ukihesabu kana kwamba moshi una oksijeni kiasi hicho; hiyo huitwa rejea. Gawanya: miligramu 2,900 kwa kila mita ya ujazo. Kipimo chako je? Ppm 180 mara 2.05, namba ya kugeuza ppm kuwa miligramu kwa mita ya ujazo, ni miligramu 369. Kuitoa kwenye oksijeni ya 13 kuipeleka kwenye 11, zidisha kwa 10 (21 toa 11) ugawanye kwa 8 (21 toa 13), maana hewa ina oksijeni asilimia 21; unapata 461.

Yaani dohani yako inatoa kama sehemu moja kati ya sita za gesi ambayo ingetoka. Sehemu tano zimekwisha kugeuka nitrojeni safi humo humo tanuruni, bila unga wa mtu yeyote. Swali langu siku zote huwa ni hilo: nani alifanya kazi hiyo, na tumsaidieje afanye zaidi?

Ganda likipata joto, kwanza linatema gesi. Ndani ya gesi hiyo nitrojeni nyingi hutoka ikiwa amonia, na nyingine ikiwa sianidi ya hidrojeni. Kinachobaki ni kaa jeusi lenye vitundu vidogo mno. Amonia inafika njia panda. Ikikutana na oksijeni ya kumwaga, inaungua na kuwa nitriki oksidi. Ikikutana na nitriki oksidi iliyokwisha kuzaliwa, penye hewa haba, zinaangamizana na kuacha nitrojeni na maji. Kaa nalo linafanya yake: kaboni inainyang'anya nitriki oksidi oksijeni yake, nitrojeni inaachwa huru. Kaboni monoksidi, gesi ya moto uliokosa hewa, inayofuka ndani ya tabaka la kaa inasaidia kunyang'anya vilevile. Na potasi, ambayo majivu ya alizeti yamejaa tele, inaharakisha kazi hiyo juu ya kaa. Kwa hiyo uso wa madini unaoutafuta umeshaingia tanuruni pamoja na maganda, na hukuulipia.

Madini kwenye mambo haya ni mshenga. Anakutanisha pande mbili, anaharakisha ndoa, kisha anarudi kwake akiwa vilevile alivyokuja. Lakini mshenga haleti bwana harusi asiyekuwepo. Ukimpa amonia na oksijeni, atawaozesha hao, na mtoto wao ni ile gesi unayoikimbia. Ukimpa nitriki oksidi na kaboni monoksidi, atawaozesha hao, na utapata nitrojeni na kaboni dioksidi.

Chokaa ndiyo mfano mzuri kuliko yote. Kuna maboila ambayo kinachochomwa huungua ndani ya mchanga unaopulizwa kutoka chini mpaka unachemka kama uji. Yakitumia makaa ya mawe, hutiwa mawe ya chokaa yaliyosagwa ili yakamate salfa kwenye joto la nyuzi 850 hivi. Salfa ilishuka kama ilivyotarajiwa, na nitrasi oksidi, ndugu yake nitriki oksidi, nayo ikashuka. Nitriki oksidi yenyewe mara nyingi ikapanda! Sababu ni kwamba chokaa hai, yaani mawe ya chokaa yaliyokwisha kuungua, ni mshenga hodari wa kuozesha amonia kwa oksijeni. Chokaa hiyohiyo, ikikaa mahali ambapo hewa ni haba na kaboni monoksidi imejaa, inaivunja nitriki oksidi vizuri tu. Chokaa ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kwenye tanuru lenye oksijeni asilimia 13, nadhani unaona utakata upande gani.

Kuna jambo jingine la kimaumbile tu. Kwenye greti hakuna mchanga unaochemka ambao moshi unapita katikati yake. Moshi unakaa ndani ya tanuru sekunde moja au mbili. Unga laini ukimwagwa juu ya moto unabebwa na upepo wa feni kabla haujafanya lolote, unakwenda kujipaka kwenye tyubu, yale mabomba ya boila. Ulio mzito unazikwa kwenye majivu. Kazi ya uso inataka uso mpana, joto linalofaa, na gesi ipite pale pale, na greti haikupi hata kimoja kwa uhakika.

Sasa fundi wenu na udongo mwekundu. Mheshimuni, hajakosea kote. Wekundu wa udongo wa Dodoma ni oksidi za chuma, na chuma ni mshenga anayejulikana: kaboni monoksidi inachukua oksijeni kutoka kwenye oksidi ya chuma, kisha nitriki oksidi inakuja inairudishia chuma ile oksijeni na kuacha nitrojeni. Maabarani jambo hilo linaonekana wazi. Shida ni kwamba udongo hauji na chuma peke yake, unakuja na mchanga. Majivu ya alizeti yana potasi nyingi na silika kidogo. Ukiyapa silika, potasi na mchanga vinayeyuka pamoja kuwa kioo, kwenye joto ambalo halifiki hata nyuzi 800. Kesho yake utakuta greti imefunikwa na bapa la kijani-kijivu linalong'aa ukilivunja, na mtashinda mnalipiga kwa nondo. Niliona hivyo mahali pamoja ambapo hawakutia udongo makusudi kabisa. Walikuwa wanaanika maganda chini kwenye uwanja wa vumbi, na koleo likizoa maganda linazoa na ardhi. Mwageni maganda kwenye sakafu ya zege. Hilo peke yake litawapa raha.

Kama mnataka kumtia udongo kazini, upo mmoja wenye kazi halali: kaolini, udongo mweupe kama ule wa vilima vya Pugu. Huo hushika potasi na kutengeneza madini yanayostahimili joto, kwa hiyo majivu hayagandi. Ni dawa ya kuganda kwa majivu, na nitriki oksidi haihusiki. Wauzaji hupenda kuchanganya mambo haya mawili. Boila ikianza kwenda vizuri kwa sababu haigandi, wanasema gesi imepungua.

Huo unga mweupe wenyewe ni nini? Mko Dodoma, na makao makuu ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini yako hapo hapo mjini. Pelekeni nusu kilo maabara, waulizeni una kalsiamu, salfa, silika na aluminiamu kiasi gani. Kwa macho huwezi kujua. Chokaa iliyozimwa, unga wa mawe ya chokaa, kaolini na jasi ya Itigi vyote ni vyeupe, vyote vinachafua shati namna moja. Jasi ni kalsiamu ambayo tayari imeshikana na salfa, kwa hiyo uso wake umelala, hauozeshi mtu. Tena ikikaa kwenye kaa jekundu lenye hewa haba inaweza kuachia salfa yake, mkajiongezea tatizo ambalo hamkuwa nalo. Msiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Tuje kwenye dampa. Oksijeni 13 maana yake unaingiza hewa mara 2.6 ya ile inayohitajika: 21 gawanya kwa 21 toa 13. Ukifika 8, unaingiza mara 1.6. Tofauti hiyo ni hewa ya baridi unayoipasha moto kwa maganda yako na kuitupa nje. Kwa Dodoma kuna kisingizio chake. Mji uko mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 12 kuliko ya Dar es Salaam, na feni inahitaji kusukuma ujazo mkubwa zaidi kupata oksijeni ileile. Waliofunga feni wakilijua hilo huweka kubwa, wakati mwingine kubwa mno, kisha opareta anaiacha wazi usiku na mchana kwa sababu moto unapendeza.

Kabla ya kugusa dampa, ziba matundu. Washa kipande cha kitambaa kinachofuka, kipitishe kando ya mlango wa majivu, mdomo wa kulishia na maungio ya bomba la moshi. Moshi ukinyonywa ndani, hapo panavuja, na hata kile kipimo cha 13 kina uongo wa tundu hilo ndani yake. Halafu sawazisha tabaka la maganda kwenye greti. Likiwa nene upande mmoja na upande wa pili chuma kinaonekana, hewa yote inapenya kwenye kipara, na amonia ya upande mnene inakuja kukutana nayo juu. Hiyo ndiyo ndoa tusiyoitaka.

Kisha punguza hewa ya chini kidogo kidogo, na hewa ya juu ya moto iongeze. Lengo ni kwamba chini pawe na njaa ya hewa, kama robo tatu ya inayohitajika, ili kaa, potasi na kaboni monoksidi vipate nafasi ya kuvunja nitriki oksidi. Gesi ikae huko walau nusu sekunde, ndipo hewa ya juu ije imalizie kuchoma. Ukichungulia kwenye kidirisha, tabaka liwe jekundu la kahawia bila miali mikali inayochoma macho, ndimi za moto ziwe ndefu na za uvivu, na juu kidogo, usawa wa matundu ya hewa ya juu, ziwe nyeupe na zenye fujo. Mpango huu wa hewa kwa awamu ukifanywa vizuri hupunguza gesi kwa theluthi mpaka nusu kwenye boila zinazochoma mabaki ya mimea. Ni nusu ileile aliyoahidi muuzaji.

Lakini fanya kwa hatua ndogo, ukingoja dakika 10 au 15 kila hatua, na kipima moshi kiwepo kikisoma oksijeni na kaboni monoksidi kwa pamoja. Kaboni monoksidi ikiruka, umezidisha, rudi hatua moja. Usikate hewa ghafla wala usiifungulie ghafla kwenye tanuru lililojaa gesi isiyoungua, maana likilipuka mlango unaweza kuruka na aliyesimama mbele yake. Hewa ya chini pia ndiyo inayopoza vyuma vya greti, kwa hiyo angalia majivu kila zamu. Yakianza kuganda umefika kikomo cha greti hiyo.

Mtu atakwambia kuhusu urea, ile mbolea, kwamba nayo hupunguza gesi hii. Ni kweli urea hutumika, lakini hupuliziwa ikiwa maji, kwenye moshi wenye nyuzi 850 hadi 1,050 hivi, juu ya moto. Mfuko wa kilo 50 una nitrojeni kilo 23. Ukiumwaga kwenye kaa lenye hewa tele unaiongezea boila kitu cha kuchoma chenye nitrojeni nyingi kuliko mashudu. Na vile vichocheo vya vanadiamu vya mitambo mikubwa, vinavyofanya kazi kwenye nyuzi 300 hadi 400 na kuondoa asilimia 80 au zaidi, vinauawa na potasi. Kwenye moshi wa alizeti havidumu bila vichujio vya gharama. Kwa boila ya tani nne nisingepoteza muda huko.

Kuhusu wale wapimaji, waulize neno moja: "Iko juu kwa oksijeni ya asilimia ngapi?" Gesi yako hiyohiyo ni miligramu 461 kwenye rejea ya asilimia 11, na ni 692 kwenye rejea ya asilimia 6. Omba ripoti ioneshe rejea hiyo na kanuni ya ubora wa hewa iliyotumika, na ukikwama nenda ofisi ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, iliyopo hapo Dodoma wakusomee pamoja.

Swali hilo ndilo pia litakukinga na onyesho la muuzaji. Akija na kifaa chake atakusomea ppm tu, kabla na baada. Mtu akifungua mlango wa majivu kidogo, hewa inaingia, moshi unachujuka, ppm inashuka kutoka 180 mpaka 110, na hakuna hata gramu moja ya gesi iliyopungua. Kwa hiyo jaribio lifanyeni ninyi. Maganda ya lundo moja, mvuke uleule, oksijeni ikilingana. Saa moja bila unga, saa moja na unga, saa moja bila, saa moja na unga, na opareta anayesoma kifaa asiambiwe saa ipi ni ipi. Andikeni oksijeni, kaboni monoksidi na nitriki oksidi kila dakika tano. Fanyeni hivyo baada ya kupanga hewa. Kisha niletee karatasi hiyo, pamoja na majibu ya maabara na picha ya kidirisha.